Gesi Iliyomo Katika Gunia la Mbolea

Wakulima wenzangu, shauri la gesi asilia linazungumzwa sana katika mikutano ya mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi. Wengi wenu mkilisikia redioni hudhani ni jambo la wenye mitambo ya umeme tu. Sivyo. Gesi hiyo mnainunua kila msimu, imo katika gunia la mbolea.

Maelezo yake ni haya. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuila vile ilivyo. Kiwandani huunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, na kwa amonia hutengenezwa DAP, CAN na urea. Haidrojeni hiyo, mahali pengi duniani, hutolewa katika gesi asilia. Ndiyo sababu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, na bei ya gesi ikapanda Ulaya, viwanda kadhaa vya mbolea huko vilipunguza kazi au vikafungwa. Huku kwetu gunia la kilo 50 la DAP likafika shilingi 6,500, na wako waliopanda bila mbolea hata chembe. Serikali ilishusha bei hadi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, kisha 2,500 mwaka wa 2023. Lakini tofauti hiyo ililipwa kwa kodi, yaani kwa fedha zetu vile vile.

Sasa, wako wataalamu wanaoiita gesi daraja. Husema kwamba ikichomwa kwa kupata umeme hutoa karibu nusu tu ya hewa ukaa itokayo katika makaa ya mawe. Ni kweli, ikiwa haivuji. Ikivuja kisimani au katika bomba ni methani, ambayo kwa muda wa miaka 20 huzuia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. (Methani ndiyo pia ng'ombe wetu huicheua, kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuwanyoshea wengine kidole.) Katika mkutano wa Dubai, Desemba 2023, mataifa yalikubali kuanza kuachana na makaa, mafuta na gesi, lakini yakaacha nafasi kwa nishati za mpito. Kila mtu alijua ni gesi inayosemwa.

Maoni yangu ni kwamba daraja ni la yule ambaye hajavuka. Tanzania, iliyoanza kutumia gesi yake ya Songo Songo mwaka wa 2004, siwezi kuilaumu. Lakini sisi Kenya umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Marsabit. Mwaka wa 2021 tulitia sahihi mapatano na Tanzania juu ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Likijengwa, nauliza: gesi hiyo itachomwa kutupa umeme ambao mvuke ungeweza kutupa, au itatengeneza mbolea tunayoagiza ng'ambo? Tena haidrojeni yaweza kutolewa katika maji kwa nguvu ya umeme, bila gesi. Kiwanda cha namna hiyo ni cha gharama kubwa, sikatai, lakini mvuke wa Olkaria haupandi bei kwa sababu ya vita vya watu wengine. Hapo ndipo ningependa fedha zetu ziende kwanza.

Kabla ya hayo, msimwage mbolea ovyo. Mashamba mengi ya magharibi yana udongo wenye asidi, na DAP huizidisha. Huenda shamba lako linataka chokaa na samadi kuliko gunia jingine. Chota udongo sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye katika ndoo safi, kisha ulete nusu kilo katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe kabla ya mvua kuanza.