Wamekata Waya, Wametuachia Bomba

Wasee, hiyo sprinkla iko kwa dari yenu si mlinzi. Ni bomba tu limejaa maji, linangoja. Kile kichupa chekundu kikifika kama digrii 68 kinapasuka, maji yanamwagika. Sawa. Lakini ikiwa saa nane usiku, nani atajua?

Hiyo ndiyo kazi ya swichi ya mtiririko. Ni kibapa kimewekwa ndani ya bomba kuu: maji yakisonga kinasukumwa, kengele inalia. Ina kichelewesho cha sekunde kadhaa, ndio presha ikiruka kidogo isiwaamshe bure. Kanuni za Marekani, NFPA 72, zinataka ilie ndani ya sekunde 90.

Sasa hosteli niliyokuwa naishi nikiwa chuo, waya zilikatwa, eti kengele inasumbua wapangaji. Inasumbua? Si mngerekebisha tu hicho kichelewesho! Huo ni ubahili, na kodi walipandisha bado.

Kama kwenu kuna sprinkla, muulize keateka: vali ya majaribio mlifungua lini, na kengele ililia baada ya sekunde ngapi? Akicheka, weka swali kwa grupu ya wapangaji, mwenye jengo akiwa ndani.