India ilipata uhuru. Mtu wa shimo alipata nini?



Kwetu wengi wakisikia neno India wanafikiri maduka na vitambaa tu. Haitoshi. Inchi ile ina mambo ya kutufundisha, zaidi sisi tunaokula kwa kazi ya shimo.

India inapita Kongo kwa ukubwa: kilometa za mraba karibu milioni 3.3, na Kongo ni karibu milioni 2.3. Watu wake ni zaidi ya milioni 1,400. Kaskazini imesimama milima ya Himalaya yenye theluji. Mto Ganga unateremka kutoka huko na kunywesha bonde pana, na hapo watu wamejaa sana. Kusini kuna inchi ya juu, ya mawe ya zamani, inayoitwa Deccan. Mvua kubwa inatoka baharini tangu juni mpaka septemba. Ikikosa, mkulima analia. Upande wa mashariki, chini ya udongo wa Jharkhand, Odisha na Bengal, kuna chuma na makaa ya mawe.

Mali hii yote ilishikwa namna gani? Haikushikwa kwanza na mfalme. Ilishikwa na kompani. Mwaka 1600 wafanyabiashara wa London walipewa barua ya ruhusa ya kufanya biashara ya mashariki. Mwaka 1757 askari wao walishinda vita ya Plassey, na mwaka 1765 kompani ikapewa haki ya kukusanya kodi ya Bengal. Angalieni vizuri, wandugu: kompani ilichukua kodi ya mkulima, ikanunua kwayo vitambaa vya mfumaji, ikaviuza Ulaya. Mhindi alilipwa kwa mali yake mwenyewe! Mwaka 1857 askari Wahindi waliasi, wakashindwa. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ikaondoa kompani na kutawala yenyewe. Jina la mlangoni likabadilika, kodi ikabaki.

Wako watakaosema: lakini Waingereza walijenga reli. Ni kweli. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay mwaka 1853. Lakini matajiri walioweka fedha zao katika kompani za reli walihakikishiwa faida ya asilimia 5 kila mwaka, na ikipungua, kodi ya Wahindi ndiyo ilijaza. Reli ile ilipeleka pamba bandarini na kurudisha vitambaa vya viwanda vya Uingereza. Mfumaji akakaa bila kazi. Sisi wa kazi ya kalamu tunaijua hesabu hiyo. Kitu kikitoka kinaandikwa kwa tani. Kikirudi kinaandikwa kwa bei. Katikati ya tani na bei ndipo mali inapotelea.

Wahindi hawakulala. Mwaka 1907 Wahindi wenyewe waliweka fedha zao kuanzisha kompani ya chuma, na mwaka 1912 Jamshedpur ikatoa chuma cha pua cha kwanza. Mwaka 1920 watumikaji waliunganisha sandika zao katika sandika moja kubwa huko Bombay. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kwa miguu siku 24, karibu kilometa 390, mpaka bahari ya Dandi, akaokota chumvi ambayo sheria ilikataza watu kujitengenezea. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa kwa kumfuata. Chumvi ni kitu kidogo, lakini kila mama anaitaka katika chungu chake. Ndiyo sababu inchi nzima ilifahamu.

Uhuru ulifika tarehe 15 agosti 1947, na ulifika na damu. Inchi ilikatwa vipande viwili, India na Pakistan. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, na wengi sana waliuawa. Jirani alimwua jirani kwa sababu ya dini. Tusisahau ukurasa huo tunaposoma zile kurasa nzuri.

Inchi ile ina deni letu la heshima pia. Askari wake walikuja Kongo na Umoja wa Mataifa. Kapiteni Gurbachan Singh Salaria aliuawa Elisabethville tarehe 5 desemba 1961, mbali na mama yake.

Sasa tuje kwenye shimo. Baada ya uhuru Leta ya India ilipanga kazi kwa miaka mitano mitano, tangu 1951. Kati ya 1971 na 1973 ilichukua mashimo ya makaa yaliyokuwa ya matajiri. Watumikaji walishangilia. Lakini tarehe 27 desemba 1975, katika shimo la Chasnala, maji yaliyojaa katika mashimo ya zamani yalipasua ukuta, na watu zaidi ya 370 wakafa chini. Bendera haizuii maji, wandugu. Ukuta mzuri ndio unaozuia, na mkubwa anayekubali kusikiliza mtu wa chini.

Tena kuna Kolar, mji wa dhahabu wa kusini. Waingereza walianza kuchimba huko kwa mashini katika miaka ya 1880. Mwaka 1902 umeme ulifika Kolar kwa ajili ya mashini. Mji mkubwa wa Bangalore ulingoja mpaka 1905. Watu walishuka kupita metre 3,000. Tani zaidi ya 800 za dhahabu zilitoka. Mwaka 1956 shimo likawa mali ya serikali, na mwaka 2001 likafungwa. Kilibaki nini? Vilima vya takataka zenye sumu, na watu wanaopanda treni alfajiri kwenda kutafuta kazi Bangalore, kilometa karibu 100. Na mwaka 1991, India ilipokosa fedha za kulipa madeni ya nje, ilibidi ipeleke tani 47 za dhahabu rehani kwa mabenki ya ng'ambo.

Je, tuseme uhuru ni bure? Hapana! Mwaka 1943, chini ya Waingereza, njaa ya Bengal iliua watu milioni mbili mpaka tatu. Tangu 1947 njaa ya namna ile haikurudi India. Sababu yake iko wazi: mkubwa anayetafuta kura anaogopa mtu mwenye njaa. Leo uchumi wa India ni kati ya zile kubwa duniani, na mwaka 2023 mashini yake ilitua mwezini. Yote hayo yalitoka katika inchi iliyokatazwa kujitengenezea chumvi.

Lakini uhuru unampa mtu sauti. Haumwekei fedha mfukoni. Sauti hiyo ishuke mpaka shimoni. Sisi tunataka kuuliza mambo matatu. Nani anaandika bei ya jiwe linapoondoka? Ukuta wa shimo unakaguliwa na nani? Siku jiwe litakapokwisha, mtoto wa mchimbaji atakuwa amejifunza kazi gani?

Katanga tulibadilisha jina la mlangoni mwaka 1967, na kisha tukaona kompani nyingine nyingi zikiingia. Hayo maswali matatu hayakuondoka. Kolar waliyauliza shimo lilipokwisha kufungwa. Sisi tuyaulize jiwe lingali linatoka.

Wandugu, jiwe haliko kama muhogo. Likitolewa mara moja, haliotи tena.