Mifupa ya Wenzetu Si Pambo la Kabati



Mwenye kusafiri kutoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni, akafika Mto wa Mbu, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha akajikuta Karatu, mji wa Wairaqw, wenye baridi na udongo mwekundu. Njia hiyo wanapita watalii wa dunia nzima, na wanapopita watalii hapakosi maduka ya vinyago, shanga, mikuki na vitu vya kale. Vijana wetu wa pwani nao wamo humo katika kutafuta riziki. Hatuwalaumu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa mfanya biashara, na mkono wa mwenye kuchuma ni bora kuliko mkono wa mwenye kuomba.

Lakini si kila chenye mnunuzi ni bidhaa.

Katika duka moja huko Karatu, kijana wa Kiislamu, mwenyeji wa Tanga, alinitolea kutoka ndani ya kopo la maziwa ya unga kijisanduku cha mviringo, cha shaba iliyopakwa fedha, kisichozidi kiganja cha mtoto. Mbele kina kioo. Nyuma ya kioo umelazwa mfupa mdogo kama punje ya mchele, umefungwa kwa uzi mwekundu, na chini yake kikaratasi chenye jina la mtu kwa Kilatini. Mgongoni kimepigwa lakiri.

"Shekhe, hiki ni cha kale," akaniambia. "Kimetoka katika nyumba ya mlowezi mmoja upande wa mashamba ya kahawa ya Oldeani. Watalii wengi hawakijui, lakini akija mkusanyaji atanipa dola mia nne. Na asipokuja, yupo bibi mmoja wa Mombasa ameniambia nimwekee. Anapamba kabati lake la vioo."

Nikamwuliza, "Mbona umekificha koponi?"

Akacheka kidogo, akasema, "Usiku sitaki kulala nacho chumba kimoja."

Ndugu msomaji, yatafakari maneno ya kijana huyu, kwani ndani yake mna makosa mawili yanayopingana. Mchana anakiuza kama kikombe. Usiku anakiogopa kama jini. Na bibi yetu wa Mombasa yuko tayari kukiweka sebuleni, kati ya birika na mabakuli ya Kichina.

Ni kitu gani hicho? Wakatoliki huviita vitu hivyo masalia ya watakatifu. Ni mfupa, nywele, au kipande cha nguo ya mtu waliyemhesabu kuwa ni mwema wa Mungu. Hutiwa katika kijisanduku, kikafungwa kwa uzi na lakiri ya askofu, kikaandikiwa hati ya kuthibitisha kuwa ni cha fulani. Sisi hatuna itikadi hiyo na wala hatuitaki. Lakini mfupa ule ulikuwa mguu au mkono wa mwana wa Adamu, na wapo waliomlilia alipokufa.

Biashara ya vitu hivi ni ya zamani na haina sifa nzuri. Inasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanya biashara wa Venice waliuiba mwili wa Marko Mwinjili kutoka Alexandria, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa ushuru wa Kiislamu wachukizwe na wasiupekue. Wenyewe wakajivunia wizi huo hata wakauchora katika kuta za kanisa lao. Mwaka 1204 askari wa Msalaba waliuvamia mji wa Constantinople, mji wa Wakristo wenzao, wakayapora makanisa, na masalia yakaenea Ulaya yote. Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alilinunua taji la miiba, linaloaminiwa na Wakristo kuwa ndilo alilovishwa Nabii Isa (A.S.), nalo lilikuwa limekwisha wekwa rehani kwa watu wa Venice. Lilifika Ufaransa mwaka 1239. Fedha alizotoa zinatajwa kuwa ni zaidi ya mara tatu ya gharama za kanisa zima alilolijengea. Hivyo ndivyo inavyokuwa kitu kitukufu kikiingia sokoni: kwanza mwizi, kisha mweka rehani, mwisho mnunuzi mwenye kujiona mchaji Mungu.

Na la kutuaibisha sisi ni hili: wenyewe Wakatoliki wamelikataza jambo hilo. Sheria ya Kanisa lao iliyotolewa mwaka 1983, kifungu cha 1190, inaharimisha kabisa kuuza masalia matakatifu. Basi imekuwaje kitu ambacho padri hawezi kukiuza kikauzwa na mtoto wa madrasa?

Watasema wenye kutetea: "Hiyo ni haramu kwao. Sisi si dini yetu, kwetu ni chombo tu."

Maneno haya tuyapime kwa mizani ya Uislamu, si kwa mizani ya dola. Katika vita vya Handaki mshirikina mmoja alitumbukia handakini akauawa. Wenzake wakaleta maneno wautwae mwili wake kwa fedha. Mtume (S.A.W.) alikataa kuchukua thamani ya maiti. Huyo alikuwa ni adui, amekuja na upanga kuiangamiza Madina, na Waislamu siku zile walikuwa na njaa ya kufunga mawe tumboni. Ikiwa maiti ya adui haikuuzwa katika njaa ile, itauzwaje maiti ya jirani katika shibe hii? Na lilipopita jeneza la Myahudi, Mtume (S.A.W.) alisimama. Walipomwambia kuwa ni Myahudi, aliwakumbusha kuwa naye ni nafsi. Hakuuliza kwanza dini ya mfupa.

Basi nawauliza wauzaji: kijisanduku hicho mnakihesabu kuwa ni nini? Mkisema ni sanamu la kuabudiwa, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza masanamu kama alivyokataza kuuza ulevi, mzoga na nguruwe. Mkisema si sanamu bali ni mfupa wa mtu, wanavyuoni wetu wamesema mwanaadamu hauzwi viungo vyake, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemkirimu. Mlango huu umefungwa, na ule umefungwa. Thamani yake mtaipitishia wapi?

Yuko mjanja atakayesema, "Mimi nauza fedha na kioo, mfupa nampa zawadi." Huyo atazame habari za watu wa Jumamosi katika Suratul A'raf, waliokatazwa kuvua siku hiyo wakatafuta hila na samaki. Mola hadanganywi kwa risiti.

Wengine watasema, "Lakini hakuna aliyedhulumiwa. Aliyekufa amekufa." Waswahili tuna neno letu: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tarehe 27 Disemba 1963 uliibiwa unywele unaohifadhiwa katika msikiti wa Hazratbal, Srinagar, unaoaminiwa kuwa ni wa Mtume (S.A.W.). Watu kwa malaki walimiminika njiani katika baridi ya Kashmir, wakilia, hata ulipopatikana tarehe 4 Januari 1964. Unywele mmoja tu. Je, angetokea mtu akauweka katika kabati lake kati ya birika na mabakuli, tungemwita mkusanyaji?

Na katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, vimetajwa vitu viwili pamoja. Cha kwanza ni Msahafu wa Sayyidna Uthman (R.A.), ambao mkataba unasema ulichukuliwa Madina na watawala wa Kituruki ukapewa Mfalme wa Ujerumani, Wajerumani walitakiwa waurudishe. Cha pili ni fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898. Fuvu hilo Wahehe walilingoja mpaka mwaka 1954 ndipo likarejea Kalenga. Wazao wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, nao wamekitafuta kichwa chake miaka na miaka. Wote hao waliambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kuwa mifupa ya wazee wao ni mali ya makabati ya Ulaya. Sisi tulioudhika kwa hayo, leo tunataka kabati letu wenyewe?

Tusiende mbali. Makaburi ya mnara ya Kaole na Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Leo msomaji ukienda utaona matundu matupu, kwa kuwa walikuja watu wakayabandua. Kwa ndugu zetu Wagiriama, mzee mmoja aliibiwa mwaka 1985 vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Vilikutwa Marekani katika nyumba za makumbusho, na vikarejeshwa mwaka 2007. Si dini yetu kusimamisha vigango. Lakini machozi ya mzee aliyeibiwa hayana madhehebu.

Sasa nirudi kwa lile kosa la pili, la kopo la maziwa. Kuna Waislamu wasiovigusa vitu hivi, si kwa heshima, bali kwa hofu. Hudhani mfupa ule una nguvu ya kudhuru au ya kuleta bahati. Hili ni baya kuliko biashara, maana biashara ni dhambi ya mkono na hili ni maradhi ya itikadi. Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi, jiwe la Al-Kaaba yenyewe, alitangaza mbele ya watu kwamba ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau si kumwona Mtume (S.A.W.) akilibusu asingelibusu. Ikiwa hayo ni ya jiwe lile, kijimfupa cha Oldeani kitakufanya nini usiku? Mwislamu hakiogopi, hakiabudu, hakitukani, na hakiuzi. Hayo manne ndiyo adabu yetu. Tumekatazwa katika Suratul An'am kuyatukana wanayoyaomba wengine, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri bila ya elimu. Na katika Suratul Hajj makanisa na nyumba za watawa zimetajwa pamoja na misikiti miongoni mwa mahali ambapo Mola huzikinga zisibomolewe.

Pale Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, lipo kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 akiwahesabu wanyama, na baba yake Bernhard aliyefariki mwaka 1987 amezikwa papo hapo. Juu yake pamejengwa mnara wa mawe. Dereva huegesha gari, watalii hushuka, husoma majina, husimama kimya kidogo. Sijapata kusikia dereva Mwislamu aliyemega jiwe la kaburi lile akaliuza. Adabu hiyo tunayo, basi. Imekuwaje tuipoteze mfupa unapokuwa mdogo na bei inapokuwa kubwa?

Mwenye kitu cha namna hii afanye nini? Asikivunje, asikitupe jaani, asikiyeyushe kwa ajili ya fedha yake. Akipeleke kwa padri au askofu aliye karibu, amkabidhi bila ya kudai senti. Karatu makanisa yapo, Mombasa yapo, Tanga yapo. Amwambie: hii ni amana yenu iliyopotea, nimewarudishia. Mwenyezi Mungu ametuamuru kuzirejesha amana kwa wenyewe, wala hakusema wenyewe wawe Waislamu. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili awarejeshee amana zao washirikina wale wale waliokula njama ya kumuua.

Kijana nilimweleza hayo. Alinisikiliza kwa adabu, akakitazama kijisanduku, akakirudisha koponi, akaniambia kodi ya duka inamngoja mwisho wa mwezi. Sikumdharau, kwa kuwa shida naijua. Lakini shida ya muuzaji huisha pale mnunuzi anapokosekana, na kwa hiyo neno langu la mwisho si lake.

Ni lako wewe bibi yangu wa Mombasa, na wewe mama wa Tanga, Lamu au Unguja mwenye kabati la vioo. Ikiwa maneno haya yamekufikia kabla ya kijisanduku, mpigie simu kijana wa Karatu umwambie hukitaki. Na ikiwa kimekwisha fika, kitoe kati ya birika na mabakuli leo hii kabla ya Magharibi, na kesho mpe mjukuu akipeleke kwa wenyewe. Kabati litabaki na nafasi tupu, na wageni watauliza palikuwa na nini. Waambie palikuwa na mtu.

Wabillahi tawfiq.