KONA YA MWALIMU: Ukivunja mapatano, yavunje kwa utaratibu

Mwezi huu sitasema habari za daftari za watoto. Nataka tuongee juu ya biashara ya watu wawili, maana mie mwenyewe iliniumiza.

Mwaka juzi nilitunza posho yangu ya kufundisha miezi mingi, nikanunua sola na betri. Jirani yangu mmoja, papa wa watoto wanne, akatoa meza, nyaya na kibanda. Tukapatana kwa mdomo tu: yeye atachaji simu za watu kila siku, Jumamosi tunagawana nusu kwa nusu. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Baadaye kibanda kikawa kinafunguliwa saa tano, siku nyingine hakifunguliwi kabisa. Jumamosi ananipa alichotaka. Mie napokea, nanyamaza, nasema moyoni ni mkubwa wangu.

Asubuhi moja hasira ikanipanda. Nikabeba sola na betri bila kusema neno. Jioni tukawa mbele ya wazee wa blok. Nilifikiri haki ni yangu yote. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ulimwambia lini kwamba hufurahi?" Nikakosa jibu.

Baadaye mtu anayejua sheria alinieleza Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Kumbe mambo yako hivi:

1. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Shida yake ni ushahidi tu.

2. Mwenzako akikataa kabisa kutimiza ahadi yake, au akijifanya asiweze kuitimiza, unaweza kuvunja mkataba. Lakini kama kwa maneno au kwa matendo ulionyesha unakubali kuendelea naye, huwezi kuuvunja kwa sababu hiyo. Mie kila Jumamosi nilipokea pesa na kucheka naye!

3. Kuchelewa si sawasawa siku zote. Gauni la arusi likiletwa baada ya arusi, unaweza kulikataa. Ukilipokea hivyo hivyo bila kusema palepale kwamba utadai fidia, usirudi kesho kudai. Lakini kama siku haikuwa kiini cha mapatano, unadai hasara tu, huvunji mkataba.

4. Anayevunja anarudisha alichopata kwa mwenzake. Huwezi kuchukua chako na kubaki na cha mwingine.

5. Fidia ni kwa hasara iliyotoka kweli katika kosa lile. Hasira haina bei.

Basi, ndugu zangu, mwenzako akianza kulegea, usingoje mpaka moyo ujae. Mwambie mapema, mbele ya shahidi mmoja, ni kitu gani hakiendi. Mpe siku za kujirekebisha, mziandike. Pengine ana mgonjwa nyumbani na hakukuambia. Siku zikipita na hakuna kilichobadilika, mwambie wazi kwamba mapatano yameisha. Halafu kaeni na wazee, mhesabu vitu na madeni, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Na wale mnaoanza leo, andikeni hata karatasi moja: nani ametoa nini, nani anafanya nini, na tutaachana namna gani kikiharibika.

Sisi wazee walitupatanisha. Mie nilibaki na sola na betri, yeye meza, nyaya na kibanda. Pesa zangu zilizopungua alilipa mara tatu, zikaisha. Mie nilimwomba radhi kwa kuchukua vitu kimya kimya. Mtoto wake anakaa benchi ya mbele darasani kwangu, na siku zile za ugomvi alikuwa hanyanyui mkono. Sasa ananyanyua.

Tuonane mwezi ujao. Mbaki na amani.

Mwalimu wenu