Siki Si Zahanati

Wapo wanaohubiri kwamba siki ya tufaha huponya vidonda vya tumbo. Hoja hiyo haina mashiko. Mwaka 2005 Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria Helicobacter pylori, chanzo kikuu cha vidonda hivyo. Bakteria huyo huishi tumboni, penye asidi kali kuliko siki. Siki itamtisha kwa lipi? Tiba yake ni antibayotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi, si kuiongeza.

Hata hivyo, tusimcheke mnunuzi wa siki. Mfa maji haachi kutapatapa, na zahanati isiyo na kipimo wala dawa ndiyo iliyomtosa majini. Tudai vipimo na dawa. Siki tuiachie kachumbari.