Uchoraji wa Kompyuta: Tusimvunje Moyo Mtoto, Wala Tusimdanganye



Ndugu wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali hurudi majumbani mwetu hapa Chumbageni: mtoto asome nini? Majibu tumeyazoea: udaktari, ualimu, uhasibu. Anayependa kuchora huambiwa aache mchezo. Kwa upande wa pili, wapo wanaomwambia kwamba kozi ya miezi mitatu yatosha kumfanya fundi wa michoro ya kompyuta. Sisi tunaona wote wawili wanamkosea mtoto.

Tuanze kwa kuelewana. Fani hii ina njia mbili. Ya kwanza ni ubunifu: kupanga herufi, rangi na nakshi za vibao vya maduka, kadi za harusi, majalada ya vitabu na vifungashio vya bidhaa. Ya pili ni kuandika programu zenyewe zinazochora. Programu hizo ndizo anazotumia mhandisi kuchora jengo, daktari kutazama picha za ndani ya mwili, na mpima ardhi kutengeneza ramani.

Picha ya kompyuta ni nukta ndogo ndogo. Kioo chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu kina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta hupewa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kitu kinachoonekana kina umbo, kama nyumba au gari, aghalabu hujengwa kwa maelfu ya pembetatu. Kukizungusha ni kazi ya matriksi. Kujua upande upi uwe na mwanga na upi uwe na kivuli ni kazi ya vekta na trigonometria. Mada hizi zimo katika hisabati ya sekondari, somo lile lile ambalo vijana wetu wengi wanalikimbia wakidai halina faida maishani. Basi faida yake ni hii.

Wala elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Neno algorithimu, yaani hatua za kutatua jambo, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karne ya 10, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni. Leo programu za michoro hukokotoa njia za miali ya mwanga ili picha ifanane na kweli.

Na ubunifu je? Tazameni kanga za mama zetu. Kanga ina pindo, mji na jina, na kila sehemu ina mahali pake. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, ilianza mwaka 1887, na kanga zake zimeenea pwani nzima. Hiyo ni biashara ya vizazi iliyosimama juu ya mchoro mzuri na maneno mazuri.

Tunajua wapo wazazi wenye wasiwasi juu ya picha za viumbe wenye roho. Wanazuoni wametofautiana katika jambo hili, na si kazi yetu kutoa fatwa. Kila mmoja awaulize masheikh wake. Lakini hata anayejizuia na picha hizo bado ana uwanja mpana: hati za Kiarabu, nakshi za maumbo, ramani, majengo, vitambaa na vitabu.

Kazi zenyewe zipo. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza vipindi vya katuni vya kufundisha watoto, hisabati ikiwemo, kwa Kiswahili. Nyuma ya kipindi kimoja kuna mwandishi, mchoraji, msanifu wa sauti na fundi wa kompyuta. Ni riziki ya watu wengi.

Hata hivyo tusidanganyane. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazotoa picha kwa kuandikiwa maneno machache tu. Kijana aliyejifunza kubonyeza vitufe na kunakili kazi za wenzake atapata taabu, kwa kuwa mashine yabonyeza haraka kuliko yeye. Atakayebaki na kazi ni yule anayejua kwa nini rangi hii inakaa na ile haikai, anayemsikiliza mteja, na anayeweza kuifungua programu na kuirekebisha.

Kwa hiyo tunashauri haya. Mwanafunzi, shika hisabati na Kiingereza, na chora kila siku kwa penseli kabla ya kompyuta. Programu za Blender, GIMP na Inkscape hutolewa bure kihalali. Hapana haja ya kutumia programu za wizi, maana jasho la mtu ni haki yake. Anayetaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha sayansi ya kompyuta. Mzazi, kabla ya kulipa ada ya kozi, uliza kama wanafundisha misingi au vitufe tu, na omba uonyeshwe kazi za waliomaliza. Na binti mwenye kipaji asiachwe nyuma, kwani kazi hii yaweza kufanyika hata nyumbani.

Tumefundishwa kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Mkono unaochora kwa elimu na uaminifu nao unatafuta halali. Tuusaidie.

Wabillahi tawfiq.