Mabwawa ya maji taka yanahitaji wenyeji, si wahandisi pekee

Kwa miaka mingi sasa, kila ukame unapobisha hodi, baadhi ya wakulima wa Maili Saba na Njiru, viungani mwa jiji la Nairobi, wamekuwa wakifanya jambo ambalo wakuu wa jiji wameshindwa kulikomesha. Huondoa vifuniko vya mabomba makuu ya maji taka, huyaziba mabomba hayo kwa mawe na magunia ya mchanga, kisha huyaacha maji hayo meusi yafurike na kutiririka kwenye mifereji hadi mashambani. Humo hustawi sukuma wiki, mahindi, ndizi na viazi vikuu. Hali kama hiyo imewahi kushuhudiwa Kibera, kando ya mto Ngong.

Kampuni ya maji hulalamika, vifuniko hurudishwa, na baada ya majuma machache mambo huwa yale yale. Wakulima hao si wajinga. Wanajua kuwa maji hayo yana mbolea ya bure, na kwamba hayakauki hata mto unapokauka. Wanalokosa ni mahali pa kuyapitisha ili yapoteze sumu yake kabla ya kufika kwenye mboga, pamoja na ujuzi na mamlaka ya kupatunza mahali hapo.

Hili ni suala linalomhusu hata yule asiyemiliki jembe. Mnunuzi wa mboga sokoni hana njia ya kujua fungu lililo mbele yake lilinyweshwa maji gani. Sukuma wiki hupikwa, na moto huua vijidudu vingi. Lakini dania, vitunguu vya majani na nyanya za kachumbari haviguswi na moto. Aliye hatarini zaidi ni mkulima mwenyewe, ambaye hushinda akiwa ameloa magoti ndani ya mfereji bila viatu, na watoto wake wanaocheza hapo jioni. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, ni takriban nyumba 1 tu kati ya 10 nchini Kenya iliyounganishwa na bomba kuu la maji taka. Nyingine hutegemea vyoo vya shimo, matangi ya ardhini, au hazina chochote. Ni vigumu kuona jinsi taifa litakavyoweza kuzifikishia mabomba nyumba zote zilizosalia katika muda wa kizazi kimoja, maadamu gharama yake ni kubwa na miji haingoji. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa usafi wa mazingira wamekuwa wakielekeza macho kwenye njia za kiasili, yaani mabwawa yaliyo wazi na vinamasi vya kutengenezwa, ambavyo husafisha maji bila mitambo mikubwa wala umeme.

Kanuni yake si ya ajabu. Maji taka huingia kwanza kwenye bwawa lenye kina kirefu, la mita 2 hadi 5, ambamo uchafu mzito hutua chini na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Kutoka hapo hupita kwenye bwawa pana lenye kina cha mita 1 hadi 2, ambalo maji yake huwa ya kijani kwa sababu ya mwani. Mwani huo hutoa oksijeni, nayo oksijeni huwalisha bakteria wanaomalizia kazi. Mwisho kuna mabwawa ya kina kifupi, ambako jua la Afrika Mashariki, ambalo kwa mengine huwa ni adui, huua vijidudu vya maradhi. Safari nzima huchukua majuma kadhaa, na katika muda huo mayai ya minyoo huzama yakabaki kwenye tope. Kinamasi cha kutengenezwa nacho ni kitanda cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo. Maji hupita polepole kati ya mizizi, nao ute wa bakteria walioganda kwenye kokoto hula uchafu.

Njia hii si ngeni kwa Wakenya. Mtambo wa Dandora ulioko Ruai, takriban kilomita 30 mashariki mwa Nairobi, ni msururu wa mabwawa ya aina hiyo, na umepangwa kusafisha mita 160,000 hivi za ujazo kwa siku kabla ya kuyaachilia maji katika mto Nairobi. Huko Mombasa, gereza la Shimo la Tewa, lililokuwa likimwaga maji yake machafu katika hori la Mtwapa, lilichaguliwa kujengewa kinamasi mwishoni mwa miaka ya 2000. Ulikuwa ni mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, wa kulinda Bahari Hindi Magharibi dhidi ya uchafu utokao nchi kavu. Kinamasi hicho kilikusudiwa kuwahudumia takriban watu 4,000, wafungwa pamoja na maafisa, kwa gharama iliyotajwa wakati huo kuwa dola 110,000 za Marekani. Maji yake yalinuiwa kunyweshea mashamba na kufugia samaki.

Hesabu hiyo inastahili kutafakariwa. Ukiigawa, kila mtu anagharimu chini ya dola 30. Ni mara chache kuona mradi wa maji taka wa bei hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini wafadhili huvutiwa nao. Hata hivyo, bei ya kujenga ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Uzito uko katika miaka inayofuata, pale wafadhili wanapokuwa wameondoka.

Kinamasi hakifi kwa kishindo. Hufa polepole, kwa mambo madogo ambayo hakuna aliyeajiriwa kuyatazama. Tangi la mbele, ambalo kazi yake ni kuzuia uchafu mzito, hujaa tope na halinyonywi. Tope hilo huingia kwenye kokoto na kuziba nafasi kati yake. Maji yakikosa njia ya chini hupanda juu, hutuama, mbu huzaliana, harufu huenea, na majirani huanza kulalamika kwamba mradi huo ni balaa. Matete yasipokatwa huzeeka na kuanguka, yakiyarudishia maji uchafu uleule yaliokuwa yameunyonya. Mabwawa nayo hufunikwa na utando na magugu, jua likashindwa kupenya. Si lazima mtu awe na shahada ili kuyazuia mambo haya. Anachohitaji ni ufagio wa kukusanyia utando, panga, viatu vya mpira, glavu, daftari la kumbukumbu, na fununu ya kutosha kumwezesha kujua kwamba bwawa la kijani likigeuka kuwa la zambarau au jeusi, basi limezidiwa na uchafu.

Kwa hiyo, inapozungumzwa habari ya kujenga uwezo wa jamii, maneno ambayo katika warsha nyingi yamechakaa kama noti ya zamani, yafaa yapewe maana iliyo wazi. Ni kuwa na watu wawili au watatu katika kila kijiji au mtaa, wanaolipwa, wenye kujua kazi hiyo na walio tayari kuwafunza wengine kabla hawajahama. Ni kuwa na kamati yenye akaunti ya benki, inayoweka akiba ya kulipia lori la kunyonya tope miaka michache ijayo, badala ya kungoja hadi tangi lifurike. Ni wakulima kuelewa kwamba hata maji yaliyopitia mabwawani yanafaa zaidi kwa miti, nyasi za mifugo na ndizi kuliko kwa mboga za kuliwa mbichi, na kwamba kunyweshea kwa mfereji kwenye mizizi ni salama kuliko kurusha maji juu ya majani. Kadhalika, kusitisha kunyweshea siku kadhaa kabla ya kuvuna hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa.

Mambo hayo ya mwisho yanapatana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa 2006. Mwongozo wa awali, wa 1989, ulishikilia kipimo: yai 1 la minyoo kwa lita na bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100 kwa mazao yaliwayo mabichi. Ule wa 2006 ulikiri kuwa nchi nyingi haziwezi kufikia vipimo vya namna hiyo kwa mtambo pekee, ukapendekeza vizuizi kadhaa, kuanzia bwawani, shambani, sokoni hadi jikoni. Katika mpango wa namna hiyo mkulima na mama mboga ni sehemu ya usafishaji.

Sheria ya Kenya haijafika huko. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, hazikuruhusu maji taka kunyweshea mimea ila yakitimiza viwango vilivyowekwa, na zilitaka maji yanayoachiliwa mitoni yawe na uchafu usiohitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili uoze. Viwango hivyo vilikuwa na busara yake. Lakini mkulima wa Maili Saba hana maabara wala bwawa, na hakuna ofisi inayomwambia aanzie wapi. Huachiwa njia moja tu: kunyweshea usiku.

Kuna mlango ambao haujafunguliwa vya kutosha. Tangu Sheria ya Maji ya 2002, na tena katika ile ya 2016, vyama vya watumiaji wa maji vimetambuliwa kusimamia mito na chemchemi kwa ushirikiano na serikali. Vyama hivyo vimekuwa vikisuluhisha ugomvi wa mifereji mashinani. Kama wanakijiji wanaweza kuaminiwa kugawana maji ya mto, ni vigumu kuona kwa nini wasiaminiwe, wakipewa mafunzo, kusimamia maji yatokayo bwawani.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Katika mji wa Moshi, nchini Tanzania, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji yamekuwa yakitumiwa na wakulima wa mpunga walio upande wa chini. Huko Kolkata, India, vinamasi vya mashariki mwa jiji, vyenye ukubwa wa hekta 12,500 na vilivyotambuliwa na Mkataba wa Ramsar mnamo 2002, vimekuwa kwa vizazi vingi vikipokea maji taka ya jiji na kuyageuza kuwa samaki na mboga. Waliovumbua ustadi huo ni wavuvi, waliojifunza kwa kutazama rangi ya maji ni siku gani ya kufungua lango. Mhandisi Dhrubajyoti Ghosh, aliyefariki mnamo 2018, alijipatia sifa kwa kuandika yale ambayo wavuvi walikuwa tayari wanayajua.

Kolkata inafundisha jambo jingine pia, nalo ni kuwa adui mkuu wa njia hii ni thamani ya ardhi. Vinamasi hivyo vimekuwa vikimegwa na wajenzi mwaka baada ya mwaka. Nairobi nayo imeyaonja hayo. Mnamo Mei 2020, wakati wa janga la Covid-19, tingatinga zilibomoa makazi ya maelfu ya watu katika eneo la Kariobangi Kaskazini, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya shughuli za maji taka, na katika mwezi huo huo serikali ikatwaa tena maelfu ya ekari huko Ruai. Ardhi ya umma ilikuwa imenyemelewa kwa miaka mingi huku maafisa wakitazama, na waliolala nje kwenye mvua walikuwa maskini waliouziwa viwanja kwa hati walizoziamini. Mabwawa yasiyo na majirani wanaoyaona kuwa yao huonekana machoni pa mnyakuzi kama uwanja mtupu.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa na usafi wa kiwango kinachofaa, na huduma za maji na usafi zimekabidhiwa kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge lake kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Wakazi watakaohudhuria vikao hivyo wana swali moja la kuuliza kuhusu kila bwawa lililozinduliwa kwa utepe: ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa ajili ya kuondoa tope, na ni nani, kwa jina, atakayelipwa kukata matete?